Picha Zinapogoma Mchangani: Utatuzi wa Matatizo kwa Wapigapicha wa Dodoma, Kondoa na Singida

Mtu akirudi kutoka mchangani na picha mbovu, wa kwanza kulaumiwa ni kamera, wa pili ni fundi aliyewahi kuigusa. Kwa hali ya huku katikati ya nchi, ukaguzi huo umeanzia mkiani. Anza na saa uliyopiga. Kisha hewa iliyokuwepo. Kisha kioo cha lenzi. Kamera yenyewe iwe ya mwisho, maana mara nyingi haina kosa, na pesa ya kuitengeneza ingetosha mafuta ya kurudi eneo lile lile alfajiri.

Haya yamepangwa kwa dalili. Nenda moja kwa moja kwenye ile inayokusumbua. Ila kama bado hujatoka nyumbani, soma hii ya kwanza, kwa sababu ukishafika haina tiba.

Dalili: umefika, na hakuna matuta wala maji

Chanzo ni kwamba umekuja na mahali pengine kichwani. Ukitafuta oasisi mtandaoni utaletewa Huacachina, kiziwa kilichozungukwa na milima ya mchanga karibu na mji wa Ica nchini Peru. Huko mvua karibu haipo. Dodoma ni nyanda kame tu, si jangwa: hupata mvua ya milimita kama 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Hiyo inatosha kuotesha nyasi, migunga na mibuyu, na mizizi ikishashika ardhi, upepo hauna mchanga wa kutosha kukusanya ukawa mlima. Kwa hiyo anayekuuliza "matuta ya Dodoma yako wapi?" mjibu kwa upole kwamba hayapo.

Kilichopo ni mito ya mchanga. Bubu, unaoshuka kutoka upande wa Kondoa hadi mbuga ya Bahi (bonde tambarare linalojaa maji wakati wa mvua), na Kinyasungwe upande wa Chamwino, wakati wa kiangazi hugeuka barabara pana za mchanga zenye kingo zilizokatwa wima. Kondoa kuna zaidi. Milima ya Irangi ilimomonyoka kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wengi wanaujua kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Uoto umerudi sehemu kubwa. Lakini makorongo yenye kuta nyekundu yamebaki, na chini yake mchanga ulioshuka umetandaa bondeni. Kwa macho yangu kuta hizo asubuhi zinashinda matuta mengi ya kwenye postikadi, na sielewi kwa nini watu wanazipita mbio kwenda kuona michoro ya mapango ya Kolo tu. Michoro iko kivulini na inangoja hadi saa nne. Kuta hazingoji.

Kuhusu maji, elewa oasisi ni nini: maji ya chini ya ardhi yaliyofika juu, au karibu na juu. Basi. Hata Huacachina ni hivyo, na siku hizi maji yake huongezewa kwa pampu kwa sababu visima vya jirani vimeshusha kina cha maji ya ardhini. Chemchemi ya Kondoa mjini ni jambo hilo hilo bila milima ya mchanga. Na kwenye mto mkavu, maji hayajaondoka, yamejificha: jua hukausha tabaka la juu, na chini yake mchanga unabaki na maji yake kwa miezi. Ndiyo maana unaona watu wanachimba visima katikati ya mto na ng'ombe wanapanga foleni. Hiyo ndiyo oasisi yetu, na ina watu.

Kosa la msimu nalo ni la kawaida. Mbuga ya Bahi ukiifuata Oktoba unaweza kukuta tope lililopasukapasuka tu. Anayetaka maji mapana aje kati ya Machi na Juni. Anayetaka mchanga aje Julai hadi Novemba. Anayetaka vyote viwili kwenye fremu moja atafute chemchemi, visima vya mtoni, au kingo za mabwawa yasiyokauka upesi: Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, au Mtera. Singida mjini kuna Singidani na Kindai, maziwa ya chumvi yenye mawe makubwa kando yake na wakati mwingine heroe.

Ukishindwa kabisa kuishi bila tuta halisi, toka katikati ya nchi uende Olduvai, Ngorongoro, kwenye mchanga unaohama. Ni jivu jeusi la volkano, tuta moja la umbo la mwezi mchanga, lenye kimo cha mita kama 9, na husogezwa na upepo mita kama 17 kwa mwaka. Usilipande, kwa Wamasai ni mahali patakatifu. Jivu hilo lina chuma na hushikwa na sumaku, kwa hiyo spika ya simu, ambayo ndani ina sumaku, usiielekeze chini kwenye mchanga ule.

Kwa mwenye siku moja tu na mto mkavu mbele yake: shuka. Weka kamera kwenye usawa wa kifundo cha mguu, tumia lenzi pana, na uache ule mteremko mdogo wa mchanga kando ya kingo uzibe upeo wa macho. Mchanga wa kimo cha goti utajaza fremu. Ila ukiandika chini ya picha "Jangwa la Dodoma" utakuwa umedanganya, na kuna atakayepanda gari kuja kulitafuta.

Dalili: mchanga mweupe umetoka kijivu, na mtu aliyesimama juu yake ametoka mweusi ti

Kipima mwanga cha kamera hakijui mchanga. Kinadhani kila kitu duniani kina weupe wa wastani, kwa hiyo kikiona mweupe mwingi kinapunguza mwanga hadi uwe kijivu. Mchanga wa mito yetu umetokana na mawe ya matale, umejaa punje zinazong'aa, na unakidanganya vibaya. Kwenye kamera ongeza mwanga kwa kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: anzia +1, piga, tazama. Kwenye simu gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha buruta kialama cha jua juu kidogo.

Usiamini kioo cha nyuma ukiwa juani. Kila picha itaonekana nyeusi. Fungua histogramu, ile grafu ya mwanga. Ikirundikana kushoto, ongeza. Ikigonga ukuta wa kulia, mchanga umeungua na hakuna programu itakayourudisha.

Dalili: mchanga umetoka bapa kama sakafu ya saruji, mikunjo haionekani

Hii ndiyo inayopeleka watu dukani kununua lenzi wasiyohitaji. Mikunjo ya mchanga haina rangi tofauti na mchanga wenyewe. Huonekana kwa kivuli chake tu, na jua likiwa juu kivuli hakuna. Dodoma iko kwenye latitudo ya nyuzi kama 6 kusini, na mwanzoni mwa Oktoba, vilevile mwanzoni mwa Machi, jua la mchana linapita utosini kabisa. Siku hizo, kuanzia saa nne hadi saa tisa unusu, weka kamera begini ukale.

Kipimo hakihitaji saa wala programu. Simama wima, tazama kivuli chako. Kama ni kirefu mara mbili ya kimo chako au zaidi, piga. Kikiwa kifupi kuliko hapo, mchanga umeanza kulala. Katika kiangazi hilo linakupa muda hadi saa mbili na nusu asubuhi hivi, kisha tena kuanzia karibu saa kumi na nusu jioni. Jua la huku hupanda na kushuka wima, halina uvivu wa nchi za kaskazini, na likishazama giza halichelewi. Anayewasili mtoni saa moja na nusu asubuhi na kuanza kunywa chai, ameshapoteza nusu ya kazi.

Saa ikiwa sahihi na mchanga bado ni bapa, angalia umesimama wapi. Jua likiwa mgongoni mwako, vivuli vyote vinajificha nyuma ya mikunjo. Zunguka hadi jua liwe begani, kushoto au kulia. Mikunjo hujipanga kukingama upepo, na upepo wa kiangazi hapa huja zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo kuna baadhi ya vipande vya mto ambako jua la asubuhi linapiga mikunjo uso kwa uso na vingine ambako linateleza juu yake tu. Tembea ukavitafute siku moja kabla, ukiweza. Na utembee pembeni: alama za nyayo zako katikati ya fremu hazifutiki hadi upepo mwingine. Za matairi ya malori ya kuchota mchanga ndizo mbaya zaidi, na hizo dawa yake ni kuhama.

Dalili: vitu vya mbali havina makali, vinatetemeka

Mwenye lenzi ndefu hupiga mbuyu ulio kilomita moja, akikuza picha anakuta shina limekunjamana. Anahukumu lenzi. Fanya jaribio hili kwanza. Piga picha kumi mfululizo za kitu kile kile bila kusogea, kisha uzilinganishe. Kama kila picha imepinda kivyake, hiyo ni hewa. Kama zote zimevutwa upande mmoja, ni mkono wako au kasi ya shata, pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga, iko chini. Kama zote zimefifia sawasawa, na hata mti wa karibu umefifia, hapo ndipo uishuku lenzi au fokasi.

Hewa inayotoka kwenye mchanga wa moto hupanda kwa mawimbi na kupinda mwanga. Ndiyo hiyo hiyo inayoleta mazigazi ya maji barabarani. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoitibu. Kusogea karibu kunatibu. Kupiga alfajiri mchanga ukiwa bado baridi kunatibu. Kupanda juu ya kingo, ili mstari wa macho usilale juu ya mchanga, kunasaidia kiasi. Angalizo: kupiga kutoka ndani ya gari lenye boneti ya moto au kiyoyozi kinachopuliza dirishani kunaleta ugonjwa huo huo kwa kitu kilicho mita 50 tu.

Dalili: anga jeupe, kila kitu kimefunikwa utando

Septemba na Oktoba hewa hubeba vumbi na moshi wa mashamba yanayosafishwa. Filta ya polaraiza, kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, husaidia jua likiwa begani kwako; ukilielekea au ukiligeuzia mgongo haifanyi kitu. Mvua ya kwanza ikishapita utaiona milima ambayo ulikuwa hujui ipo.

Lakini kabla hujalaumu vumbi, angalia kioo cha simu yako. Mafuta ya vidole ndiyo ukungu wa picha nyingi za simu nilizoletewa. Na vumbi hilo si adui kila wakati: mifugo inaporudi jioni, simama upande unaotoka upepo, jua likiwa nyuma ya ng'ombe, punguza mwanga kidogo, kasi ya shata 1/500 ya sekunde au zaidi, na utando ule unakuwa ndio picha yenyewe. Piga kwa mbali na lenzi ndefu. Kisulisuli kikikujia, geuka, kumbatia kamera, funga macho.

Dalili: vidoa vyeusi angani, mahali pale pale kila picha

Funga tundu la lenzi hadi f/16, yaani liwe dogo, elekeza kwenye ukuta mweupe au anga tupu, vuruga fokasi makusudi, piga. Badili lenzi, piga tena. Vidoa vikibaki pale pale, viko kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Vikiondoka na lenzi, ni vya lenzi, nyuma yake zaidi kuliko mbele. Ukifungua hadi f/4 na vikatoweka, hiyo pia ni dalili ya vumbi la sensa: bado lipo, kivuli chake tu kimetawanyika.

Puliza kwa pampu ndogo ya mpira, kamera ikitazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate yanaganda. Na usiende kwa fundi pancha akupulizie kwa kompresa. Najua inavutia, iko kila kona ya barabara ya Dodoma hadi Babati. Upepo ule una nguvu ya kuingiza mchanga pasipofikika, na una mafuta na maji ya tangi lake.

Kinga: badilisha lenzi ndani ya gari, vioo vimefungwa, feni imezimwa, au usibadilishe kabisa. Kwa siku ya mchanga lenzi moja ya zumu inatosha. Kamera isiyotumika ifungwe kwenye kanga kuukuu kisha begini. Begi likae kitini, sio sakafuni.

Dalili: zumu inakwaruza ikizungushwa

Acha kuizungusha. Sasa hivi. Punje za kwatzi, ambazo ndizo mchanga mwingi wa matale, ni ngumu kuliko kioo, na kila mzunguko unachonga. Ishikilie lenzi ikitazama chini, pitisha brashi laini kwenye mshono wa pete, puliza, gonga kidogo kwa kiganja. Usitie mafuta ya cherehani, yanaukusanya mchanga na kuwa tope la kusagia. Ikiendelea kukwaruza, mpelekee fundi ikiwa palepale ilipokwama.

Kwa sababu hiyo hiyo, kioo cha mbele hakifutwi kwanza. Puliza, brashi, halafu kitambaa.

Dalili: simu inajizima au inakataa kupiga

Joto. Apple, kwa mfano, huweka nyuzi 35 za Selsiasi kuwa mwisho wa joto la mazingira kwa iPhone, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inavuka hapo upesi. Itoe kwenye kava, izime, iweke kivulini penye upepo. Usiichaji ikiwa ya moto na usiitie kwenye deli la barafu, kwa kuwa mvuke utaganda ndani. Mchanga kwenye tundu la chaji utoe kwa njiti ya mbao, sio pini.

Dalili: maji yametoka meusi, au taswira ya miti haipo

Kama umevaa polaraiza, izungushe au uitoe, ndiyo inayoifuta taswira. Kama huna, ni upepo: kwenye Hombolo na Singidani maji hutulia alfajiri, na jua likishapanda huanza kutikisika. Taswira huwa nyeusi kuliko anga inayoiakisi, kwa hiyo pima mwanga kwa katikati ya hizo mbili. Chini ya miti ya chemchemi tofauti ya jua na kivuli ni kubwa mno kwa kamera yoyote. Ngoja wingu au uondoe anga kwenye fremu.

Usiingie majini kutafuta pembe nzuri. Maji yasiyo ya chumvi yaliyotulia yana hatari ya kichocho, na Mtera kuna mamba na viboko. Maji ya chumvi ya Singida hayakudhuru wewe sana, ila yanakula bolti za stendi ya kamera. Ioshe kwa maji safi siku hiyo hiyo.

Dalili: watu wanageuka, au wanafunika uso

Hapa kamera haina hatia hata chembe. Kisima cha mtoni ni bomba la familia, na wakati mwingine ni bafu. Acha kamera begini, teremka bila haraka, salimia. Kwa Wagogo "Mbukwenyi" itafungua nyuso. Mzee mpe shikamoo yake, subiri marahaba, jieleze unatoka wapi. Kondoa wengi watakuitikia vizuri kwa salamu ya Kiislamu. Kisha omba. Akisema hapana, ni hapana, na hela haibadilishi. Wakina mama wakiwa wanaoga au kufua, ondoka kabisa. Droni nayo inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na huu ni mkoa wenye Ikulu na Bunge, usijaribu bahati.

Dalili: kichwa kinauma, mkojo wa rangi ya chai

Umekaukiwa maji. Kivuli, maji kidogo kidogo, chumvi za ORS. Lakini mwenzako akianza kuongea hovyo, akiyumba, ngozi ikiwa ya moto sana, hiyo imevuka hapo: mlowanishe maji, mpepee, na gari lielekee hospitali wakati mnafanya hayo.

Dalili: gari limezama mchangani

Ondoa mguu kwenye mafuta. Tairi linalozunguka bila kusogea linajichimbia kaburi, na chasisi ikishakaa juu ya mchanga kazi imekuwa ya koleo. Tairi lenye upepo wa PSI 32 lishushe hadi 18 au 20, litanuke. Fukua nyuma ya matairi yote, tandika matawi au mazulia ya gari, toka taratibu kwa kufuata njia uliyoingilia. Baada ya hapo usizidi kilomita 30 kwa saa hadi ujaze tena, na ukwepe miiba ya migunga, kwani tairi laini linachomeka kirahisi ubavuni. Pampu ya kuchomeka kwenye gari ni lazima. Kituo cha mafuta hakiko karibu na mto.

Mbinu hii ni ya mchanga tu. Kwenye udongo mweusi wa Bahi baada ya mvua, kushusha upepo hakukusaidii sana. Tope linajaza kashata za tairi na gari linateleza kama kawaida. Huko egesha kwenye tuta la barabara na umalizie kwa miguu au kwa bodaboda.

Na kuanzia Novemba mwishoni, usiegeshe kwenye kitanda cha mto hata kama ulipo hakuna wingu. Mvua inayonyesha juu, Kondoa au vilimani, hufika chini saa kadhaa baadaye, na mto uliokuwa mchanga mtupu unapita na magogo. Mwenyeji akikwambia mto unakuja, hakisii. Toa gari kwanza, stendi itafuata.